Dawa za Kifafa na Uzito wa Akili: Usikatize, Toa Taarifa

Mtoto alianza dawa ya kifafa mwezi uliopita, na tangu hapo hajaanguka tena. Lakini mwalimu analalamika kuwa anasinzia darasani, na nyumbani akitumwa chumvi anarudi na kiberiti. Bibi yake anasema, "Hizo dawa zinamlevya mjukuu wangu. Ziacheni." Alichokiona bibi ni kweli, ila ushauri wake ni wa hatari.

Kwa nini dawa hugusa akili?

Kifafa hutokea pale chembe za ubongo zinaporusha umeme mwingi kwa pamoja, bila mpangilio. Dawa hutuliza umeme huo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kutibu kifafa mwaka 1912 na ambayo bado hutolewa sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, huweza kupunguza pia kasi ya kufikiri na kukumbuka.

Hata hivyo, si kila usahaulifu unatokana na dawa. Degedege lenyewe huchosha ubongo. Malaria iliyopanda kichwani au jeraha la kichwa huweza kuacha alama. Kukosa usingizi na huzuni ya kutengwa navyo huzubaisha.

Dalili za kuangalia

- Fenobabitoni: kusinzia, kusahau, kufikiri polepole. Baadhi ya watoto huwa kinyume chake: hawatulii na hukasirika ovyo.
- Fenitoini: dozi ikizidi, mgonjwa hupepesuka kama mlevi, ulimi huwa mzito na macho huchezacheza.
- Kabamazepini: kizunguzungu, usingizi na kuona kitu kimoja kama viwili, hasa siku za mwanzo.
- Valproeti: kusinzia na mikono kutetemeka. Ikitumiwa na mjamzito, huweza kudhuru maumbile na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba azungumze na daktari mapema, lakini asiiache mwenyewe.

Usingizi wa mwanzo mara nyingi hupungua baada ya wiki chache. Usipopungua, au ukizidi, rudi kliniki bila kungoja tarehe yako. Upele mwilini, vidonda mdomoni au macho kuwa ya njano ni dalili za hatari: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatari ya kukatiza dawa

Dawa ikisimamishwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu. Degedege hufuatana moja baada ya jingine bila mgonjwa kuzinduka, na hali hiyo huua. Degedege likizidi dakika 5, mpeleke mgonjwa hospitali haraka.

La kufanya nyumbani

1. Weka daftari. Maneno machache yanatosha: "Jumanne. Kidonge saa 2 usiku. Ameamka kwa shida. Hajaanguka. Amesahau kufunga mbuzi." Mistari ya namna hii humsaidia daktari kuliko kusema tu "hayuko sawa".
2. Toa dawa saa ileile kila siku. Mkisahau dozi, msimpe mbili kwa pamoja kufidia.
3. Taja dawa zote anazotumia, zikiwemo za kifua kikuu, za VVU na mitishamba. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango.
4. Asinywe pombe. Humwongezea usingizi na huweza kuamsha kifafa.
5. Zungumza na mwalimu. Mtoto anayesinzia kwa dawa si mvivu wala mjinga. Akae mbele, na arudiwe maelezo pale yanapompita.

Kliniki inaweza kusaidia vipi?

Daktari anaweza kupunguza dozi kidogo kidogo, kuhamishia sehemu kubwa ya dozi usiku, au kubadilisha dawa hatua kwa hatua. Kama mgonjwa anatumia dawa mbili au tatu, huenda moja ikaondolewa. Mtoto apimwe uzito kila anapokwenda, kwa kuwa dozi yake hupangwa kwa kilo zake.

Basi bibi asinyamazishwe. Alichokiona kiandikwe daftarini. Na siku ya kliniki, kabla hujapokea vidonge vya mwezi unaofuata, lifungue daftari hilo mbele ya daktari.