Ghala la Ndago

Mvua ya Aprili ikishanyesha hapa Ggaba, Kampala, ng'oa ndago mmoja kwenye uwanja wa nyasi na uzungushe shina lake kati ya vidole. Utahisi pembe tatu. Nyasi nyingi zina shina la mviringo; ndago si nyasi, ingawa majani yake yanafanana nazo.

Tazama sasa ulichoshika. Mara nyingi ni majani matupu, maana chini kumekatika. Rudi na sepetu, inua bonge la udongo, ulivunje taratibu. Utaona vijiazi vyeusi, vidogo kama njegere, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba kama shanga. Kata kimoja, ndani ni cheupe. Kidondoshee tone la ayodini ya duka la dawa, nacho kitageuka buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Huo ni wanga, akiba ya mmea, na ndiyo tunayopigana nayo.

Jani jipya linapochomoza bado halijilishi. Linakula akiba ya kijiazi hadi litanuke na kuanza kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Baada ya hapo sukari hushuka chini, na ndani ya wiki tatu hivi vijiazi vipya vinaweza kuanza kuumbika. Basi anayeng'oa mara moja kwa mwezi anawahi mavuno ya ndago, si njaa yake. Ng'oa kila baada ya wiki mbili, bila kuruka, misimu kadhaa: kila chipukizi litakuwa limetumia wanga bila kurudisha kitu.

Jembe hapa hudanganya. Katika mnyororo mzima, kijiazi cha mbele huwalaza wenzake kwa homoni. Ukiukata vipande vipande, waliolala huamka, na uwanja unajaa kuliko ulivyokuwa. Ukiamua kuchimba, toa vijiazi vyote na uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Kiangazi cha Juni na Julai kinafaa.

Dawa ya glaifoseti hufuata njia ya sukari kutoka kwenye majani hadi chini, kwa hiyo hufika kwenye kijiazi chenye majani lakini haifiki kwenye kilichotengana au kilicholala. Tena huua na nyasi zako. Mimi naiogopa kwa sababu nyingine: viwanja vyetu vinateremkia Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huchota maji ya kunywa ya Kampala.

Udhaifu mkubwa wa ndago ni kivuli. Watu hukata nyasi za paspalamu hadi udongo uonekane, wakidhani ndio usafi, kumbe wanaufungulia ndago jua. Inua kisu cha mashine, acha nyasi zifike sentimita saba, ziba mapengo kwa vipandikizi. Na kabla hujapokea lori la udongo wa kujazia uwanja, chota mikono miwili, upepete, utafute shanga nyeusi.