Kuku Mgeni Akae Peke Yake Siku 21

Kijitabu cha kaya kuhusu kuku wanaokoroma



Kila kiangazi nafika kwenye nyumba iliyokuwa na kuku thelathini wiki iliyopita, na sasa wamebaki wawili. Nauliza: "Nani ameingia hapa karibuni?" Mama mwenye nyumba hudhani nauliza habari za watu. Nauliza habari za kuku. Na karibu kila mara yupo: jogoo aliyenunuliwa gulioni, tetea aliyeletwa na shemeji kama zawadi, au kuku wa nyumbani aliyepelekwa mnadani, akakosa mnunuzi, akarudishwa.

Huyo aliyerudishwa naye ni mgeni. Alilala kwenye tenga moja na kuku wa watu wengine.

Kuku mgeni akae peke yake siku 21.

Hesabu yake ni rahisi: ni siku zilezile ambazo kuku hulalia mayai. Kuku huonekana mzima, anakula, anawika, kumbe ugonjwa umeshamwingia. Ukimfungulia siku ya kwanza, wote wanakunywa sufuria moja, na kufikia Jumapili unazika.

Atakaaje peke yake?

Mweke kwenye banda dogo au tenga lililoinuliwa juu ya matofali, mahali ambapo kuku wako hawafiki. Apewe chombo chake cha maji na chake cha chakula. Asubuhi anza kuwahudumia kuku wako, mgeni awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni na osha viatu. Waambie watoto wasimtoe, hata akilia. Jogoo wa kuazima kwa ajili ya mbegu, kanga, bata na njiwa wa kununua, sheria ni hiyohiyo: siku 21.

Anakoroma: ni mafua au mdondo?

Mafua huvimbisha uso, huziba macho na kutoa makamasi yenye harufu mbaya. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Mdondo, wengine huita kideri, hauna huruma: kuku anahema mdomo wazi, anakoroma, mabawa yanashuka, anaharisha kijani, wengine shingo inapinda. Wasiochanjwa wanaweza kuisha karibu wote. Usijipe kazi ya kubahatisha. Mtenge anayekoroma, mwite afisa mifugo.

Mdondo hauna dawa.

Chanjo

Chanjo ya mdondo, ya matone, iitwayo I-2, ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa, na hurudiwa kila miezi 3. Wachanje kabla kiangazi hakijakolea. Chanja kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua chanjo haimwokoi. Ukiisafirisha, ifunge kwa kitambaa kibichi, isipigwe na jua. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani, mchanje siku moja. Wape kuku wiki mbili ndipo uhesabu kwamba wamekingwa. Na kuchanja hakuondoi zile siku 21.

Haya msiyafanye

Msimuuze anayekoroma. Najua ada ya shule inadaiwa, lakini mnampelekea jirani msiba, na kesho kutwa utarudi kwenu kwenye tenga lingine. Msichinje mgonjwa uani: utumbo, manyoya na maji ya kunyonyolea hueneza ugonjwa. Mzoga usitupwe jalalani, mtoni wala kwa mbwa. Uchomwe, au uzikwe shimo refu. Msiwape kuku vidonge vya watu vya rangi mbili. Mdondo haviuwezi, na dawa hubaki kwenye nyama na mayai mnayokula. Pilipili, shubiri na majivu kwenye maji si chanjo. Msiazimane matenga. Kuku wasilale chumba kimoja na watoto. Aliyeshika mgonjwa asijifikiche macho kabla ya kunawa, maana mdondo huwasha na kuyafanya mekundu hata macho ya mtu.

Na msimfungulie mgeni eti kwa sababu amechangamka. Siku 21.

Wakifa wengi kwa mpigo

Msiwaguse kwa mikono mitupu. Msile, msiuze. Yapo mafua makali ya ndege yanayoweza kumpata mtu. Toeni taarifa kwa afisa mifugo au ofisi ya kijiji siku hiyohiyo. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa na kikohozi, aende kituo cha afya, aseme wazi kwamba kuku wamekufa nyumbani kwake.