SOMO LA ORDINATERE: Kupandisha Kodi kwa toleo jipya bila kupoteza daftari lake



Katika namba hii tunajifunza jambo ambalo wenye ordinatere ya Linux nyumbani wanakutana nalo mara kwa mara: programu ya filme na muziki imetoka toleo jipya, na mtu anataka kuipandisha. Tutachukua mfano wa Kodi, kwa sababu inajulikana sana, tena ni ya bure.

1. Kodi ni nini?

Kodi inafanya ordinatere iwe kama televizio ya jamaa: inakusanya filme, nyimbo na picha, na kuzipanga katika orodha nzuri. Ilianza mwaka 2002 kwa mashini ya michezo iitwayo Xbox. Kiisha ikaitwa XBMC, ikaingia Linux, na mwaka 2014 ikapewa jina la Kodi.

2. Vitu vitatu tusivichanganye

Wengi wanaogopa kwamba filme zao zitafutika. Haiko vile. Sherti tutenge vitu vitatu:

a) Filme zenyewe. Ziko mahali pao kwenye diske. Kupandisha Kodi hakuzigusi hata kidogo.

b) Programu. Ikiharibika, tunaileta tena kutoka intaneti.

c) Daftari. Tunaita hivi ile dosie ya .kodi, iliyo ndani ya dosie yako mwenyewe. Nukta iliyo mbele ya jina inaificha, ndiyo maana wengi hawajaiona hata siku moja. Ndani yake mnaandikwa filme gani umekwisha kutazama, umefika dakika gani, majina uliyosahihisha, na orodha ulizopanga kwa mkono, kwa mfano ile ya video za arusi za jamaa.

Hiki cha tatu ndicho cha kuchunga. Intaneti itakurudishia programu, lakini haijui umepanga video za arusi namna gani. Ile ni kazi ya mikono yako, na ikipotea hakuna fundi wa kukurudishia.

3. Mbele ya kupandisha

Funga Kodi kwanza. Ikiwa wazi, inaendelea kuandika ndani ya daftari, na nakala yako inaweza kuwa ya nusu-nusu. Kiisha fungua teminali, andika:

cp -a ~/.kodi ~/kodi-akiba

Maana yake: nakili daftari lote, uweke nakala kwa jina la kodi-akiba. Tia nakala ingine kwenye diske ya nje, kwani diske moja ikikufa inakufa na vyote vilivyo ndani.

4. Kupandisha kwenyewe

Kwa Debian, Ubuntu na jamaa zao, tunaandika:

sudo apt update
sudo apt install kodi

Usishangae kama hupati toleo la mwisho kabisa. Debian 11, ya mwaka 2021, iko na Kodi 19. Debian 12, ya mwaka 2023, iko na Kodi 20. Kila Debian inabaki na toleo lake, kwa sababu inapenda usalama kuliko upya.

Wengine wanapita njia ya Flatpak wapate toleo jipya upesi. Njia ile ni nzuri, lakini tujue kwamba inaweka daftari mahali pengine, ndani ya dosie ya .var. Kodi inafunguka tupu, na mtu analia bure, kumbe daftari lake la zamani liko salama palepale lilipokuwa.

Na umeme ukikatika katikati ya kazi? Washa tena mashini, andika:

sudo dpkg --configure -a

Amri hii inamaliza kazi iliyobaki njiani. Kiisha rudilia zile amri mbili za juu.

5. Kufungua mara ya kwanza

Sasa Kodi mpya inafungua daftari na kuona ni la kizamani. Inanakili orodha ya filme na kuigeuza kwa namna mpya. Kwa mfano, Kodi 18 iliandika faili la MyVideos116.db, na Kodi 19 inaandika MyVideos119.db. Faili la zamani halifutwi. Kama una filme nyingi, kazi hii inachukua wakati: vumilia, usizime mashini.

Lakini viongezo vyaweza kuleta taabu. Hivi ni vipande vidogo ambavyo watu mbalimbali wanavitunga kwa lugha ya Python. Python 2 ilifika mwisho wake tarehe 1 Januari 2020, na Kodi 19, iliyotoka mwaka 2021, ikakubali Python 3 peke yake. Kila kiongezo ambacho mtungaji wake hakukigeuza kilikufa siku ileile mtu alipopandisha. Basi, mbele ya kupandisha, andika kwenye karatasi viongezo unavyohitaji kweli, utafute kama kila kimoja kinakubali toleo jipya. Kama kimoja hakikubali, na huwezi kukaa bila hicho, ngoja. Kungoja si ujinga.

Ikiwa kitu kimekataa, soma faili la kodi.log, ndani ya .kodi/temp. Mule Kodi inaandika yenyewe kitu gani kiliikwamisha.

Tukumbuke basi: programu inapatikana tena, daftari halipatikani. Anayenakili kwanza anapandisha bila hofu.

MAULIZO

1. Kwa nini sherti kufunga Kodi mbele ya kunakili?
2. Taja vitu vitatu tulivyotenga. Kipi hakirudishwi na intaneti?
3. Mtu amepita njia ya Flatpak, akakuta Kodi tupu. Mweleze daftari lake liko wapi.
4. Kwa nini viongezo vingi vilikufa mwaka 2021?