Kumfunza Kazi Mfanyakazi Aliye Kazini Tayari

Katika gereji nyingi za mijini na vijijini, kijana mgeni wa kazi hufunzwa kwa kuambiwa akae kando atazame. Hutazama miezi kadhaa, huku akitumwa spana na chai. Fundi mkuu hajui kijana ameshika nini na nini kimempita, hadi siku gari la mteja linapoondoka na pedeli ya breki inazama hadi sakafuni.

Ipo njia bora, na haihitaji darasa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mafundi wengi wa viwanda vya Marekani walikwenda jeshini na nafasi zao zikachukuliwa na watu ambao hawajawahi kushika chombo. Kati ya 1940 na 1945 serikali ya nchi hiyo iliwafundisha wasimamizi jinsi ya kufunza kazi kwa hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha, kumwacha afanye mwenyewe, kisha kumfuatilia. Baada ya vita njia hiyo ilifika Japani, na kampuni ya Toyota ni miongoni mwa zilizoishika.

Chukua mfano wa kubadilisha pedi za breki. Fundi aanze kwa kumuuliza kijana anajua nini tayari, ili asipoteze muda wala kumdharau. Halafu afanye kazi polepole, akitaja kila hatua pamoja na sababu yake. Hapo kwenye sababu ndipo mafundi wengi hodari hukosea, kwa kuwa mikono yao imezoea hata wamesahau kwamba kuna la kueleza. Nati za gurudumu hulegezwa kabla ya gari kuinuliwa, kwa sababu gurudumu lililo hewani huzunguka pamoja na spana. Gari likishainuliwa huwekwa juu ya stendi, maana jeki ikiteleza aliye chini ataumia au kufa. Pedi hazishikwi kwa mikono yenye grisi, kwani breki yenye grisi haishiki vizuri. Na kazi ikiisha, pedeli hukanyagwa mara kadhaa kabla gari halijasogea hata kidogo, kwa kuwa pistoni zilisukumwa nyuma na mkanyago wa kwanza hautashika.

Kisha zamu ni ya kijana. Afanye huku akieleza kwa mdomo anachofanya na kwa nini. Akikosea, arekebishwe papo hapo, bila kelele. Mtu anayejibu tu kwamba ameelewa hajaonyesha lolote. Anayeweza kueleza kwa nini stendi inahitajika ameelewa. Baadaye aachiwe kazi, aonyeshwe nani wa kuuliza, na akaguliwe mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache.

Karatasi moja ukutani husaidia pia: majina ya wafanyakazi juu, kazi za gereji upande, na alama kwa kila anachoweza mtu kufanya peke yake. Kazi yenye alama moja tu ni hatari kwa biashara, kwa maana fundi huyo akiugua, magari yatalala.

Kufunza si hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi ili wafanye kazi kwa usalama. Vilevile, waajiri hutozwa ada ya mafunzo ya viwandani ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mwenye wafanyakazi 8 hulipa shilingi 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Fedha hizo hutoka mfukoni mwa mwajiri na hazikatwi kwenye mshahara. Mwajiri anayelipa anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ila aombe idhini kabla ya mafunzo kufanyika.

Wengine husema kijana akishajua kazi atahama. Huenda akahama kweli. Lakini asiyejua akibaki, gari la mteja ndilo litakalolipia.

Upande wa mfanyakazi, kuna fundi aliyechomelea milango miaka 12 na bado anakosa kazi kwa kuwa hana karatasi. Huyo anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ambao huanzia gredi ya III na kupanda hadi gredi ya I. Vipo pia vituo vinavyopima na kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa, chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa uliowekwa na sheria ya mwaka 2014. Mkazi anayetaka kujua pa kuanzia aulize katika chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu naye.

Wapimaji hutaka ushahidi wa kazi. Kwa hiyo fundi aweke daftari: tarehe, kazi aliyoifanya, vifaa alivyotumia, picha ya kabla na ya baada kama ana simu, na sahihi ya msimamizi wake. Sahihi hizo zichukuliwe wiki hiyohiyo, maana msimamizi naye huhama.