Nguvu Zimeniishia: Je, Ni Homoni?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 47, nalima tumbaku hapa Misunkumilo, Mpanda. Tangu mwaka jana sina hamu ya tendo la ndoa, nachoka kabla jua halijapanda, na kitambi kinaongezeka. Mke wangu anadhani nina mwingine. Nimekunywa mizizi ya mnadani, sijaona nafuu. Homoni zimekwisha?*
*Baba K.*

Marahaba, ndugu yangu, na pole. Kwanza mweleze mama yanayokusibu. Ukimya ndio unaomtia shaka.

Homoni ya kiume, testosteroni, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Haiishi ghafla. Kuanzia miaka 40 hivi hupungua taratibu, kama asilimia 1 kwa mwaka. Mimi natilia shaka zaidi hicho kitambi, kwa sababu mafuta ya mwili hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike. Kisukari, pombe nyingi na usingizi mbovu nazo huishusha.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ukaulizie kipimo. Damu hutolewa asubuhi, saa 1 hadi saa 4, kabla ya kula. Majibu yakiwa chini, hurudiwa siku nyingine. Omba sukari na presha vipimwe pia. Mizizi iache. Sindano za homoni usijidunge kiholela, maana hukausha mbegu za uzazi.

Kichwa kikiuma sana huku macho yakififia, au kifua kikikubana, usisubiri: wahi hospitali siku hiyohiyo.