SOMO LA FEDHA: Mchango wa Masomo ya Jioni



Leo tutasoma habari ya fedha. Siyo fedha za pamba wala za kahawa. Ni zile shilingi elfu moja moja, elfu mbili mbili, ambazo wazazi hutoa ili watoto wa darasa la mtihani wabaki shuleni jioni kwa masomo ya ziada. Fedha hizi ni kidogo, lakini zimevunja mikutano mingi.

Kwanza tuelewane. Hapa Tanzania, serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 shule za serikali ziliacha kutoza ada mpaka kidato cha nne. Tena Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kuchangisha wazazi, akasema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango. Kwa hiyo fedha za jioni siyo ada. Ni mchango wa hiari, ambao wazazi wenyewe wamekaa wakakubaliana. Mtoto ambaye mzazi wake hana kitu naye akae darasani asome, wala jina lake lisitajwe mbele ya wenzake. Na mwalimu anayefundisha nusu ya somo asubuhi ili nusu nyingine ailipize jioni, huyo wazazi wasimkubali. Mshahara wa somo hilo amekwisha lipwa.

Sasa, fedha hizo nani azishike? Shule nyingi zina umoja wa wazazi na walimu. Umoja huo uchague watu watatu, na kazi zao zisichanganywe. Mmoja apokee fedha na kutoa stakabadhi. Wa pili aandike daftari la mapato na matumizi. Wa tatu, yaani mwenyekiti, atie sahihi kabla ya fedha kutoka. Mtu mmoja akipokea, akaandika, akatumia, hata awe mwaminifu namna gani, siku ya ugomvi hana shahidi. Mwalimu mkuu ajue kila kinachofanyika, lakini sanduku lisikae mezani kwake.

Stakabadhi ina sehemu mbili. Karatasi anachukua mzazi, na kishina kinabaki kitabuni. Soma kabla ya kuondoka: je, jina ni lako? Tarehe ni ya leo? Tarakimu na maneno vinalingana? Wengine huona haya kusoma mbele ya mhazini, wakidhani watamkosea adabu. Siyo hivyo. Mhazini mzuri hufurahi ukisoma, maana kosa likionekana palepale hurekebishwa palepale.

Tuchukue mfano. Tuseme wazazi wamekubaliana shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi wa tatu vishina ni 34. Daftari linasema hivi:

Baki ya mwezi wa pili: 5,500
Michango, 34 mara 2,000: 68,000
Jumla ya mapato: 73,500

Posho ya walimu wawili: 40,000
Karatasi: 12,000
Chaki: 3,000
Sukari ya uji: 6,000
Jumla ya matumizi: 61,000

Baki: 12,500

Wazazi wawili wengine walileta mahindi ya uji, debe moja moja. Hayo nayo yaandikwe, pembeni, pamoja na majina yao. Mahindi ni mchango kama fedha.

Basi sanduku likafunguliwa mbele ya mkutano. Zikahesabiwa shilingi 8,500. Daftari linasema 12,500. Zimepungua 4,000! Hapo ndipo sauti hupanda na watu wakaanza kuitana wezi. Tulieni kwanza. Chukueni vishina, mwite jina moja moja, kila mzazi aseme alilipa vipi. Katika mfano wetu wazazi wawili walituma fedha kwa simu, kwenye namba ya mwalimu wa darasa. Mhazini alionyeshwa ujumbe wa simu, akaandika stakabadhi mbili. Lakini fedha zenyewe bado zimo katika simu ya mwalimu. Mbili mara 2,000 ni 4,000. Hakuna mwizi. Lakini kosa lipo: stakabadhi iliandikwa kabla ya fedha kufika.

Jambo hili la simu siku hizi linasumbua sana. Ujumbe wa simu unaonyesha kwamba fedha zimetoka kwako. Hauonyeshi kwamba zimeingia katika sanduku la wazazi. Afadhali mkutano uchague namba moja, iandikwe katika muhtasari, na asiwepo wa kupokea kwa namba nyingine. Kila Ijumaa fedha zitolewe, ziingizwe sandukuni, ndipo stakabadhi iandikwe. Fedha zikianza kuwa nyingi, zipelekwe benki kwa jina la umoja, na wa kutia sahihi wasiwe chini ya wawili.

Mwisho wa mwezi hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa herufi kubwa. Vilevile isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa ajili ya wazee wasioona vizuri. Majina ya wasiolipa yasibandikwe.

ZOEZI

Chukua kalamu. Mwezi wa nne ulianza na baki ya shilingi 12,500, maana mwalimu alikwisha leta zile 4,000. Vishina vya mwezi huo ni 29, kila kimoja shilingi 2,000. Matumizi yote ni shilingi 57,000. Je, baki ni kiasi gani?

Sanduku lilipofunguliwa zilikutwa shilingi 15,500. Fedha zimezidi, na watu wakapiga makofi. Je, walifanya vizuri kupiga makofi? Jadilianeni katika kikundi chenu: fedha hizo zilizozidi zimetoka wapi, na ni karatasi gani imekosekana?