Hatua Kumi za Ukungu

Wasomaji wenzangu, mhariri aliniambia niandike somo juu ya jambo nilijualo vema, nami nimechagua mchezo wa simu. Najua baadhi ya walimu watakunja uso. Nawaomba wasome hata mwisho, maana hesabu imo ndani yake, tena si haba.

Mchezo wenyewe huitwa Plants vs. Zombies. Ulitungwa na George Fan pamoja na wenzake wa kampuni ya PopCap huko Marekani, ukatolewa mwaka 2009 kwa kompyuta, na mwaka uliofuata ukaingia katika simu. Kazi ya mchezaji ni kulinda nyumba. Mazombi, yaani maiti watembeao, hutokea upande wa kulia, naye hupanda mimea ya kuwazuia: mingine hutupa njegere, mingine husimama kama ukuta. Kila mmea una bei yake, na fedha ya mchezo huu ni jua. Safari nzima ina hatua 50, zilizogawanywa mafungu matano ya hatua kumi kumi: mchana, usiku, bwawa, ukungu na paa. Mimi nitasema juu ya ukungu tu, kwa kuwa ndio ulionitesa likizo nzima.

Uwanja wa ukungu una safu 6, na kila safu ina miraba 9, jumla miraba 54. Safu mbili za katikati ni maji. Tena ni usiku, kwa hiyo jua halidondoki kutoka juu kama wakati wa mchana. Huna budi kulilima mwenyewe. Na upande wa kulia umefunikwa na ukungu, hata humwoni adui mpaka amekwisha karibia.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Unapewa jua 50. Ukinunua alizeti, fedha yote imekwisha, nayo itakutolea 25 kila mara. Lakini uyoga wa jua ni 25 tu, basi kwa fedha ile ile unapata miwili. Kila mmoja hutoa 15 mwanzoni, yaani 30 kwa miwili, na ukishakua hutoa 25, yaani 50. Hasara yake ni kwamba umekula miraba miwili badala ya mmoja. Mimi niliudharau uyoga kwa sababu ya udogo wake, nikaona jua likinipungukia kila usiku. Kadhalika nilidharau mimea isiyo na bei. Uko uyoga mdogo wa nchi kavu, na mwenzake wa majini asiyehitaji hata jani la yungiyungi la kukalia. Yote miwili ni bure. Haipigi mbali, lakini katika ukungu nani apigaye mbali akajua anampiga nani?

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua silaha kwanza na taa baadaye. Mmea wa taa ni 25 tu, nao hukaa ukiangaza mpaka uliwe. Jani la upepo ni 100. Hupeperusha ukungu wote na mazombi waningʼiniao kwenye maputo, lakini kwa muda mfupi, kisha limekwenda. Ukitumia majani manne umemaliza 400, bei ya taa 16.

Niseme pia kwamba simu haikuwa yangu. Ni ya kaka yangu mkubwa, aliyekuja nyumbani kwa juma moja, na kwetu umeme haujafika. Kuichaji ni kwenda dukani na kulipa. Kwa hiyo kila niliposhindwa, nilishindwa kwa fedha ya mtu. Alinipa ruhusa mpaka Jumapili.

Siku ya Alhamisi nilifika hatua ya sita. Ya tano ni ya kuvunja vyungu, sikuona shida. Katika ya sita nilikuwa na taa mbili, njegere za kutosha na alizeti safu nzima kule nyuma, nikatulia. Ghafla alizeti zikaanza kutoweka moja moja. Nikasema simu imeharibika. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akichungulia begani pangu, akasema, "Kaka, wanakula kutoka nyuma."

Ni kweli. Yuko zombi mwenye kofia ya machimbo na sururu, apitaye chini ya udongo mpaka mwisho wa kushoto, akaibuka na kugeuka. Jambo la kuona haya ni kwamba nilikuwa nimemwona. Kabla ya kila hatua mchezo hukuonyesha kundi lijalo, wakati huna mbegu hata moja mkononi, nami nilimcheka kwa kofia yake. Katika ukungu ule ndio wakati pekee wa kuwaona wote pamoja. Dawa yake nilikwisha pewa: njegere yenye vichwa viwili, kimoja kikitazama nyuma, bei 125. Safu za nchi kavu ni nne, basi ni jua 500, mavuno ishirini ya alizeti. Tangu hapo sikugusa mbegu kabla hatujahesabu kundi, mimi na mdogo wangu, kwa sauti.

Hatua ya kumi tuliicheza Jumapili asubuhi, chaji ikiwa imebaki kidogo. Pale hakuna jua wala kuchagua. Mimea huletwa na mkanda, na uwanja wote ni giza la tufani. Huoni kitu ila radi ipigapo. Mwenzangu alishika kazi ya macho: kila radi alitaja safu, "Ya pili! Ya tano!" nami napanda gizani kwa kufuata sauti yake. Tulipomaliza, kaka alikwisha simama mlangoni na mfuko wake. Nikampa simu. Fungu la paa sijalicheza hata leo.